Mjadala: Kiingereza kizito cha barua, je, ndicho cha kumwanzishia mwanafunzi?

Mleta mada, Dar es Salaam

Wakuu, habari za kazi. Nina jambo naomba tulijadili kwa kina kwa sababu linagusa ajira za vijana wetu.

Sehemu ya kazi yangu ni kupitia barua za maombi ya kazi. Nyingi zinaandikwa kwa Kiingereza, hata pale tangazo lilipotolewa kwa Kiswahili. Sarufi ya hawa vijana siyo mbaya kama watu wanavyosema. Kinachowaangusha ni kutojua maneno gani ya Kiingereza hukaa pamoja, na hukaa pamoja wapi. Mtu anaanza na “I most humbly beg to tender my application”, mistari miwili mbele anaandika “I am good at handling stuff”, kisha anafunga na “your obedient servant”. Mwanzo ni lugha ya makarani wa enzi za mkoloni, katikati ni maongezi ya marafiki, mwisho tunarudi kwa karani. Kila kipande ni Kiingereza sahihi, lakini vikiwekwa pamoja msomaji anashindwa kujua anazungumza na mtu wa namna gani.

Wanaisimu wanaita jambo hili rejesta, au sajili kama wenzetu wa Kenya wanavyosema: lugha kubadilika kufuatana na nani anaongea na nani, wapi, kwa shughuli gani. Katika Kiingereza rejesta haikai kwenye neno moja moja tu, inakaa pia kwenye namna maneno yanavyoshikana. Chukueni mtu anayeacha kazi. Barua rasmi itasema “tender one's resignation”. Popote pale, barua au maongezi, unaweza kusema “hand in your resignation”. Rafiki utamwambia “I quit”. Chukueni malalamiko: “lodge a complaint” ni ya ofisi, “make a complaint” ni ya kila mahali, “kick up a fuss” ni ya maongezi, tena ina dharau kidogo ndani yake. Uchunguzi nao: “conduct an investigation”, “carry out an investigation”, “look into it”.

Kwa Kiswahili tunayajua haya bila kufundishwa. Redioni mzee amefariki dunia, kwa jirani mzee ametutoka, na kijiweni yupo atakayesema amekata kamba. Hakuna mtu mzima anayekosea pa kulisema lipi, kwa sababu tumekua tukisikia. Mtoto wa Nachingwea anayeingia kidato cha kwanza, ambako masomo karibu yote yanageuka kuwa Kiingereza, hana masikio hayo. Kiingereza anakipata kwa mwalimu na kitabuni tu, hivyo kila neno kwake lina uzito uleule. Na akisikia kwamba neno refu ndilo la kisomi, atachagua refu kila mara.

Ngazi hizi zina historia. William wa Normandy alipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya watawala na mahakama, Kilatini kikabaki cha kanisa na wasomi, na Kiingereza kikaachiwa wakulima. Ilifika mwaka 1362 ndipo sheria ikataka kesi zisikilizwe kwa Kiingereza. Ndiyo maana hadi leo lugha ile ina “ask” ya wenyeji, “question” iliyopitia Kifaransa na “interrogate” ya Kilatini. Ndiyo maana pia wosia unaitwa “last will and testament”: neno la wenyeji na neno la Kilatini yamefungwa pamoja, yote mawili yakimaanisha wosia. Uzito wa maneno haya ulitokana na nani alikuwa na mamlaka. Haukutokana na ubora wa fikra.

Sasa angalieni wenye lugha wanafanya nini. Mwaka 1979 mama mmoja wa Uingereza, Chrissie Maher, alikwenda mbele ya Bunge pale London akachanachana fomu za serikali hadharani, kwa sababu watu wa kawaida walikuwa wanakosa haki zao kwa kutozielewa. Kampeni aliyoianzisha ipo mpaka leo. Mwongozo wa uandishi wa tovuti ya serikali yao unawaambia watumishi waandike “buy” badala ya “purchase”, “help” badala ya “assist”. Marekani, Rais Obama alitia saini mwaka 2010 sheria inayozitaka ofisi za serikali kuu ziandike kwa lugha ambayo raia ataielewa. Sisi bado tunamfundisha kijana kwamba “I wish to purchase” ni bora kuliko “I want to buy”.

Hoja yangu ni hii: tuanze na yale ya kati. “Make a decision”, “heavy rain”, “carry out research”, “hand in a form”. Haya hayamwaibishi mtu popote, na kwa kweli sehemu kubwa ya maneno yanayokwenda pamoja katika Kiingereza iko katika kundi hili. Akishayamiliki, ndipo aongezewe yale mazito kwa kazi zake na yale mepesi kwa kazi zake. Karibuni, tupingane kwa hoja.

Mwalimu wa sekondari, Morogoro

Ndugu mleta mada, nakuheshimu lakini hapa napingana nawe.

Kwanza, “I most humbly beg” haipo kwenye mtaala. Mimi nafundisha “I am writing to apply for the post of”, na wanafunzi wangu wanaiandika vizuri kwenye mtihani. Huo unyenyekevu unatoka steshenari. Kijana akimaliza shule anakwenda kuchapiwa barua, mchapaji ana barua moja kwenye kompyuta yake tangu miaka hiyo, anabadilisha jina na tarehe, analipwa. Aya ya katikati ndiyo pekee kijana anaiandika mwenyewe, na ndiyo hiyo yenye “stuff”. Mchanganyiko unaouona umetoka kwa watu wawili, na shule unaibebesha lawama yote.

Pili, na hili ndilo linaloniuma. Mtoto wa mwenye uwezo anakipata hicho Kiingereza cha kati nyumbani, kwenye televisheni, kwenye shule ya ada. Yale mepesi yanawafikia wote kupitia filamu, muziki na watangazaji wa mpira. Yale mazito ndiyo ambayo mtoto wa mkulima hatayapata popote isipokuwa darasani kwangu. Ukiniambia niyaahirishe, wengi wao hawatafika huko “baadaye” unakokusema, kwa sababu wanaishia kidato cha nne. Atakayekaa na kusoma barua ya benki, mkataba wa ajira au fomu ya mkopo ni huyu mtoto, na hizo hazijaandikwa kwa lugha ya kati.

Tatu, kipindi ni dakika 40. Niambie nitafundisha ngazi tatu saa ngapi.

Mwongoza watalii, Arusha

Mimi naunga mkono hoja. Kazini kwetu haya tunayaona kila msimu. Kijana mpya ana Kiingereza cha darasani kizuri kabisa, anawaambia wageni “Kindly alight from the vehicle” na “We shall now commence our lunch”. Anafanya kwa adabu, kwa sababu kwetu adabu ni kutumia maneno ya heshima. Lakini mgeni wa Marekani anasikia kama anapewa amri au kama mwongoza hajisikii huru naye. Ukimsikiliza mwongoza mzoefu anasema “You can get out here” na “Let's have lunch”, basi. Haya maneno hayana ulegevu wowote, na mgeni anatulia.

Ila niseme na upande wa pili. Wapo waliojifunzia Kiingereza kwa wageni tu, hawakukaa sana darasani. Hao wakiandika barua pepe kwa wakala wa safari wa Ulaya wanaanza na “Hey guys”, na kazi inaweza kupotea hapo. Kwa hiyo mwalimu usione kama tunakudharau. Wote wawili wamekosa kitu kilekile.

Wakili, Nairobi

Hamjambo wandugu. Nina mambo mawili, moja linampinga mleta mada na lingine linawapinga nyote.

La kwanza, msiweke maneno yote mazito kapu moja. Katika sheria kuna yanayokwenda pamoja kwa sababu yanatenda jambo. “Enter a plea” (kujibu shtaka), “serve a summons” (kumkabidhi mtu samansi), “quash a conviction” (kufuta hukumu ya hatia), “waive a right” (kuiacha haki yako). Huwezi kumwambia jaji akubali uandike “cancel” mahali pa “quash” eti ni rahisi. Hapo nakubaliana na mwalimu: mtoto anafaa kuyajua, angalau ayatambue akiyaona, maana siku moja atapewa samansi mkononi. Lakini pia yapo ambayo ni mazoea tu. Uingereza na Wales waliacha “plaintiff”, yaani mdai, mwaka 1999, kanuni mpya za kesi za madai zilipoanza kutumika, wakaweka “claimant”, na haki haikuharibika. Sisi Kenya bado tunafungua kesi kwa “plaint”, yaani hati ya madai. Kutofautisha makundi hayo mawili kunahitaji mtu anayeijua kazi yenyewe. Orodha ya kitabuni haitoshi.

La pili ni zito zaidi. Nani ameamua “alight” ni rasmi? Kamusi za Uingereza zinasema hivyo, na kule London utaisikia kwenye matangazo ya treni. Lakini hapa Nairobi abiria wa matatu anamwambia makanga “I'm alighting at the next stage”, na hakuna anayegeuka kumtazama. Kwetu ni neno la kila siku. “Kindly” vilevile: kwetu ni “tafadhali” ya kawaida, ilhali Mwingereza anaweza kuisikia kama mtu aliyeudhika. Kiingereza ni lugha rasmi hapa pamoja na Kiswahili, Katiba ya 2010 kifungu cha 7 yasema hivyo. Tunakitumia sisi kwa sisi kuliko tunavyokitumia na wageni. Basi mkisema “tuanze na yale ya kati”, ni kati ya nani na nani? Kati ya London si kati ya Nairobi. Na mtahini wa KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, kwenye lile zoezi la kujaza mapengo la alama 10 katika karatasi ya kwanza, anatarajia ipi?

Mleta mada, Dar es Salaam

Nashukuru sana, mmenipa mambo ya kufikiri. Nianze na wakili kwa sababu hoja yake ya pili ndiyo ngumu.

Ni kweli kwamba rejesta haina makao makuu. Mwongoza kutoka Arusha na abiria wa Nairobi wanatumia “alight” ileile, na mmoja anaeleweka vibaya huku mwingine akieleweka vizuri, kwa sababu wasikilizaji ni tofauti. Kwangu hilo linaipa nguvu hoja kwamba mtoto afundishwe kuuliza “anayenisikiliza ni nani?” Asikariri tu kwamba hili ni zuri na lile ni baya. Lakini mkuu, angalia pia kwamba “get off” inafanya kazi Nairobi, Arusha na London. Ndiyo maana nasisitiza ya kati. Naipenda kwa sababu inasafiri, sina haja ya kumtii Mwingereza.

Kuhusu maneno ya mahakama, nakubaliana nawe bila shaka yoyote. Hapa Tanzania marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yamefanya Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama, kwa hiyo wetu watayakuta mengi kwa sura ya Kiswahili. Hata huko “kufuta hukumu” na “kutupilia mbali shauri” ni mambo mawili tofauti, na raia anastahili kuyatofautisha.

Mwalimu, la steshenari limenigusa na ninaliamini. Nitaanza kuzisoma barua zile kwa jicho hilo. La mtoto wa mkulima pia lina uzito, lakini naomba tutenganishe kuelewa na kuandika. Mfundishe aelewe “in the event of default the Lender shall be entitled to recover” (ukishindwa kulipa, mkopeshaji ana haki ya kudai chake), naam, tena mapema, maana hiyo ndiyo inayoweza kumnyang'anya shamba. Kuandika ni jambo jingine. Akiandika yeye, aandike kwa lugha anayoimudu, maana mkono unaoiga maneno usiyoyajua hauna namna ya kujitetea.

Na kuna imani moja inayoenezwa madarasani naomba tuiangalie: kwamba kitenzi kinachofuatwa na kijineno, kama “carry out” au “set out”, ni cha mtaani na hakifai kwenye insha. Siyo kweli. Ripoti za kitaaluma zinasema “the study was carried out”, na hukumu za mahakama zinasema “for the reasons set out above”. Yapo ya maongezi, kama “mess up” na “chill out”. Kuyafuta yote kunamlazimisha mwanafunzi kukimbilia “effectuate” na “commence”, na hapo ndipo barua zinapoharibikia.

Mwalimu wa sekondari, Morogoro

Kuelewa na kuandika, hapo umenipata kidogo. Hilo naweza kulifanya ndani ya dakika 40: ufahamu uwe wa mikataba na matangazo halisi, insha iwe ya maneno anayoyamudu. Lakini msahihishaji wa mtihani wa taifa haijui mipango yangu. Kama mwanafunzi wangu akiandika “I want to buy” na wa shule ya jirani akaandika “I wish to purchase”, nani atapewa alama zaidi? Mwenye uzoefu wa kusahihisha kidato cha nne aje hapa atuambie, ndipo niamue la kufanya muhula ujao.