Mhasibu wa supamaketi anafikaje kiti cha juu? Naomba mawazo yenu wadau

NeemaMahesabu (Dar):
Habari za jioni wadau. Mimi ni mhasibu kwenye supamaketi moja hapa Dar, mwaka wa saba sasa, CPA, ile mitihani ya taaluma ya uhasibu, nimemaliza, kila mwisho wa mwezi nafunga hesabu za matawi manne. Juzi ikatangazwa nafasi ya meneja uendeshaji nikaomba, bosi akaniita akaniambia kwa upole kabisa, dada wewe baki na vitabu vyako, huku dukani ni purukushani, ni kazi ya wanaume. Nikanyamaza ila imeniuma mpaka leo, maana aliyepewa ni kaka ambaye mimi ndiye nilimfundisha kusoma ripoti ya mauzo.

Sasa usiku usingizi umegoma nikawa nasoma habari za mama mmoja anaitwa Corie Barry, wa Best Buy kule Marekani, wale wauza TV, kompyuta na mafriji. Kaingia pale 1999 mchambuzi wa fedha wa kawaida tu, kabla ya hapo alikuwa Deloitte, kampuni ya ukaguzi wa hesabu, 2016 akawa mkuu wa fedha, Juni 2019 akawa mkurugenzi mkuu, mwanamke wa kwanza kukalia kile kiti na kampuni ilianza tangu 1966. Miaka 20 nyumba ileile! Swali langu, mtu wa mahesabu anatokaje kwenye vitabu mpaka anaongoza maduka yote? Nihame au nivumilie? Mliopita njia hii niambieni ukweli tafadhali, hata kama unauma.

MkisiiWaMinnesota:
Pole sana dada Neema, hiyo ya "kazi ya wanaume" imenikasirisha hata mimi mwanaume. Niko Brooklyn Park, Minnesota, Wakenya tumejaa huku, na makao makuu ya hiyo kampuni yako Richfield, hapo tu kando ya Minneapolis. Huyo mama ni wa hukuhuku, alisoma College of Saint Benedict, chuo cha wasichana cha hapa Minnesota, si zile Harvard watu hudhani lazima upitie. Nimemfuatilia sana juu mimi pia nasomea uhasibu jioni nikitoka job.

Kitu watu hawaoni ni hiyo miaka ya katikati. Kati ya 1999 na 2016 hakukaa dawati moja, alizungushwa kazi nyingi sana ndani ya kampuni na zingine hata hazikuwa za fedha. Kuna wakati alishikilia upande wote wa huduma, yaani hao mafundi wa Geek Squad wanaokuja kwako kufunga TV ukutani na kutengeneza kompyuta. Hebu fikiria mtu wa mahesabu anaongoza mafundi! Hapo ndio unajua mteja anarudi kwa nini ama anakuhama kwa nini, na hayo huwezi yapata kwa spredishiti hata ukeshe nayo.

Na kuna kingine. Kiti cha mkuu wa fedha alikipokea kutoka kwa mwanamke mwenzake, Sharon McCollam, aliyeingia mwisho wa 2012 wakati watu wanasema hiyo kampuni inakufa, juu wateja walikuwa wanakuja dukani kushikashika TV halafu wanaenda kununua kwa Amazon. Best Buy wakaanza kulinganisha bei, ukionyesha kwingine iko chini wanakupa hiyohiyo, wakakata gharama, duka likarudi kusimama. Kwa hivyo Barry alipopanda watu walikuwa wameshaona kwa macho yao mwanamke wa fedha akiokoa duka. Wewe huko kwenu huna wa kukufungulia huo mlango na hiyo ni shida ya ukweli, si ya kujifariji.

MzeeWaStoo (Mombasa):
Mwanangu Neema, salaam. Mimi nimemaliza miaka yangu kwenye maduka, nimeanza kubeba katoni nikamaliza meneja wa tawi, nikwambie nilichokiona. Huyo bosi wako amekosea kabisa. Duka haliuliwi na purukushani, duka linauliwa na pesa isiyoangaliwa. Tazama supamaketi za Nakumatt hapa kwetu, matawi zaidi ya 60 Afrika Mashariki, wateja walikuwa wapo, lakini wanaoleta bidhaa hawalipwi, wakakata kuleta, shelfu zikabaki tupu, mteja akija mara mbili hakuti sukari wala maziwa ya tatu haji. Januari 2020 wanaowadai wakapiga kura ifungwe. Hiyo ilikuwa hesabu mwanangu.

Lakini na wewe toka ofisini. Siku ya kuhesabu stoki usingojee karatasi iletwe mezani, nenda usiku ule ule uhesabu nao. Simama mlango wa kupokea mzigo alfajiri uone katoni ngapi zinaandikwa na ngapi zinaingia kweli. Uliza mikate inayotupwa jioni ni mingapi na nani aliweka ile oda. Keshia anayefuta mauzo mara nyingi kuliko wenzake, unamjua? Chukua tawi moja, linalopoteza zaidi, mwambie bosi nipe miezi mitatu, sidai cheo wala mshahara, na ukimaliza umuonyeshe shilingi zilizorudi. Mimi vijana wa ofisini niliowaheshimu ni wale waliojua stoo inanuka vipi.

Kibwana_T:
Nakubaliana na mzee ila naomba tumwangalie huyo mama Barry wa Best Buy mzima mzima. Machi 2020 korona ilipoingia alifunga milango, mteja anaagiza mtandaoni analetewa kwenye gari lake nje, ilifanywa kwa siku chache tu, maduka yote, na sehemu kubwa ya mauzo ikabaki. Huo ni uongozi na nampa heshima yake. Lakini Aprili wafanyakazi kama 51,000 walipumzishwa bila mshahara, yeye akajikata nusu ya wake, halafu mapema 2021 wengine 5,000 wakaachishwa kazi moja kwa moja. Mimi nimewahi kupunguzwa kazini, najua ile barua ukiishika mkononi inakuwaje mbele ya watoto. Kwa hiyo dada Neema, ukikaa kile kiti utakuwa unaamua nani anarudi nyumbani, na mtu wa mahesabu ana hatari yake hapa, anazoea kumuona binadamu kama mstari wa gharama. Jifunze majina ya watu wa duka kabla hujafika huko juu.

NeemaMahesabu (Dar):
Asanteni sana, nimesoma nikarudia, nimelia kidogo pia. Mzee shikamoo, tawi linalopoteza nalijua, na ukweli ni kwamba kwa miaka yote saba nimelifunga hesabu zake bila kukanyaga stoo yake zaidi ya mara mbili. Kibwana hayo uliyosema sikuwa nimeyafikiria kabisa. Jumamosi hii wanahesabu stoki, nimeshamtumia meneja wa pale meseji kwamba nakuja, kajibu "karibu, vaa raba". Mzee swali moja, kwenye kupokea mzigo nianze na maziwa au na unga? Maana hivyo viwili ndivyo namba zake hazijawahi kukaa sawa tangu niajiriwe.

MzeeWaStoo (Mombasa):
Marahaba. Anza na maziwa, yanaharibika haraka, wizi na uzembe wote hujificha kwenye "yameharibika". Omba kuyaona hayo yaliyoharibika, pakiti kwa pakiti.