MP3 ya kukimbilia kwa elfu themanini: klipu, kitochi au iPod iliyotumika?

Mkimbiaji_wa_Tabata

Wakuu, habari za humu. Nakimbia asubuhi kabla ya kazi, jioni nyingine naenda jimu. Nimechoka kukimbia na simu: inarukaruka mfukoni, jasho linaiingia, na barabara ninayopita vibaka wa bodaboda wanaijua kuliko mimi. Nataka kifaa kidogo cha muziki tu, basi. Bajeti ni shilingi 80,000, ikizidi kidogo nitajikakamua. Ninavyoviangalia ni hivi:

– vile vya klipu visivyo na jina vya Kariakoo, unaweka memori kadi yako mwenyewe
– SanDisk Clip Jam au Clip Sport (kuna ndugu yangu anakuja kutoka Marekani, anaweza kunibebea)
– iPod Shuffle iliyotumika
– kitochi (simu ndogo ya vitufe) chenye sehemu ya memori kadi

Nasikiliza zaidi singeli na Bongo Fleva, halafu miksi za ma-DJ za saa nzima. Eafoni ninazo, za waya. Mnanishaurije?

FundiWaSpika

Kabla ya kulinganisha chochote: nyimbo zako ziko wapi? Kama ziko Spotify au Boomplay, hivyo vyote vinne havitakufaa. Wimbo unaoupakua ndani ya programu zile unafungiwa humohumo, huupati kama faili la MP3 la kuhamishia kwenye kifaa kingine. Hapa unatakiwa uwe na faili lenyewe. Mdundo (tovuti ya muziki) wanakuruhusu kupakua MP3, na miksi zimejaa kule.

Ukubwa wa memori usikunyime usingizi. MP3 ya kbps 128 (kipimo cha ubora wa sauti, kikipanda faili linakuwa kubwa) inakula kama MB 1 kwa dakika, kwa hiyo GB 4 ni zaidi ya saa 60 za muziki. Hata ukipanda hadi kbps 320 bado unabaki na zaidi ya saa 25. Watu wanalipia GB 32 halafu kila siku ni nyimbo zilezile ishirini.

Mzee_wa_Mchakamchaka

Sisi tulikimbia huku tunaimba wenyewe, na hakuna aliyeishiwa chaji. Lakini umeuliza, nikujibu.

Shuffle achana nayo. Toleo la mwisho lilitoka 2010, ni GB 2, halina kioo wala sehemu ya kadi, na Apple waliacha kuziuza Julai 2017. Hata utakayoambiwa ni mpya, betri yake imeshazeeka. Waya wa kuchajia unachomekwa kwenye tundu la eafoni, na si waya utakaoupata kwa kila muuza chaja. Nyimbo nazo hadi upitie programu ya Apple kwenye kompyuta, kama iTunes.

Kilichoifanya ipendwe na wakimbiaji ni vitufe. Gramu 12 na nusu, unaibana kwenye kola, unaruka wimbo kwa kidole gumba bila hata kuitazama. Chochote utakachonunua, kijaribu hivyo kwanza: fumba macho, badilisha wimbo, punguza sauti. Kikikushinda umesimama dukani, ukiwa mbioni ndiyo kabisa.

Mkimbiaji_wa_Tabata

Shikamoo mzee. Shuffle nimeifuta. @FundiWaSpika faili ninazo kwenye laptopu, hapo sina shida. Vipi kuhusu hivi vya Kariakoo, kuna mtu anacho?

Dada_wa_Squat

Ninacho, natumia jimu hapa Mwanza. Ukubwa wa kiberiti, kimebanwa kwenye leggings na sikisikii. Sauti yake kwa singeli inatosha sana, usitegemee besi ya kutikisa ukuta.

Ila ujue unachonunua. Kwanza, hakipangi nyimbo kwa herufi. Kinapiga kwa mpangilio zilivyoingia kwenye kadi, kwa hiyo hata uandike 01, 02, 03 hakijali. Mimi nafuta zote, halafu naziingiza moja baada ya nyingine kwa mpangilio ninaoutaka: za kupasha mwili, za kunyanyua, za kunyoosha viungo.

Pili, hiki cha kwangu kikizimwa kinasahau kilipofikia. Kwa nyimbo za dakika tatu si neno, lakini wewe wa miksi za saa nzima utalia. Utabonyeza kusogeza mbele mpaka umalize kilomita ya kwanza.

Tatu, kitufe kimoja kazi mbili. Ukibonyeza unaruka wimbo, ukishikilia unaongeza sauti. Vidole vikiwa na jasho ni bahati nasibu.

Kadi chukua ya GB 32 kushuka chini. Za GB 64 kwenda juu zinakuja na mfumo wa kupanga mafaili wa exFAT na hivi vya bei rahisi vinataka FAT32. Na kadi feki ni nyingi: kompyuta inakuonyesha GB 64, ukijaza nyimbo zinakatika katikati. Kuna programu ya bure inaitwa H2testw, inaijaza kadi yote halafu inakagua kama kilichoandikwa kinasomeka. Ipitishe kwanza kabla ya kumlaumu mwenye duka la MP3.

FundiWaSpika

Umemaliza dada. Nyongeza moja: ukihamisha nyimbo kwa Mac, inaweza kuacha kwenye kadi vifaili vya siri vinavyoanza na nukta na mstari wa chini. Kifaa cha bei rahisi kinaweza kudhani ni nyimbo, kikaganda au kikarukaruka. Vifute.

Mkaazi_Rongai

Naona kitochi mmekipita tu. Huku Nairobi tunaita kabambe, na mimi ndicho ninachokimbia nacho Karura. Nokia 5310 ile ya 2020 ina kicheza MP3, inachukua kadi hadi GB 32, ina redio ya FM na tundu la kawaida la eafoni. Betri unaitoa kwa mkono, ikichoka unanunua nyingine bila kutafuta fundi.

Kitu kingine hakuna aliyekisema: ukiteguka mguu huko msituni, MP3 haitakupigia mtu simu. Na kabambe ina M-Pesa, kwa hiyo nikimaliza mbio nalipia nauli bila kubeba pesa taslimu.

Mabaya yake: ni nzito, haina klipu, lazima uwe na mkanda wa kiunoni. Jasho pia haina kinga nalo, mimi naifunga kwenye kikaratasi cha plastiki.

Dada_wa_Squat

Kikaratasi cha plastiki na si huko Kenya mlipiga marufuku hiyo mifuko 2017? 😂

Mkaazi_Rongai

Hiki kilitoka na mkate, dada. Tuendelee.

Bint_Kizingo

Ndugu zangu, mimi naogelea hapa Mombasa, baharini na kwenye bwawa, nikuambieni habari ya maji. Bluetooth usiitegemee ukiwa chini ya maji, mawimbi yake yanamezwa na maji papo hapo. Kwa hiyo sisi nyimbo lazima ziwe ndani ya kifaa kinachokaa kichwani. Sony NW-WS413 ni GB 4, inavumilia maji ya chumvi hadi mita 2 na betri inafika saa 12. Shokz OpenSwim nayo ni GB 4, inapitisha sauti kwenye mfupa wa shavu na sikio linabaki wazi. Zote mbili bei yake si ya mchezo.

Mzee_wa_Mchakamchaka

Binti, mwenzio anakimbia Tabata. Maji yako wapi?

Bint_Kizingo

Maji ni jasho lake, mzee! Ndiko ninakokwenda. Akiona IPX5 kwenye boksi, maana yake kimejaribiwa kwa maji ya kurushwa, na maji yenyewe ni matamu. Jasho lina chumvi, na chumvi ndiyo inayokula lile tundu la eafoni. Akimaliza mbio akifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, akiache kikauke kabla ya kukichomeka chaji. Awe na cha Kariakoo au cha Marekani, ni hivyohivyo.

FundiWaSpika

Sawasawa. Sasa SanDisk, maana naona ndiyo tumeiacha nyuma. Clip Jam betri yake inatajwa kufika saa 18, Clip Sport saa 25, na zote zina sehemu ya kadi na redio ya FM (waya wa eafoni ndiyo antena). Usichanganye na Clip Sport Go wala Clip Sport Plus: hizo hazichukui kadi. Plus ina Bluetooth na IPX5, lakini wewe una eafoni za waya, unalipia nini?

Na kwa ajili ya miksi zako: weka nyimbo kwenye folda ya MUSIC, miksi zipeleke PODCASTS. Vilivyomo kwenye PODCASTS kifaa kinakumbuka ulipoishia. Kwangu mimi hicho peke yake kinatosha kuipa Clip Jam ushindi kwa matumizi yako. Kama ungekuwa mtu wa nyimbo fupifupi, ningekwambia kimbia Kariakoo, chenji ibaki.

Mzee_wa_Mchakamchaka

Barabarani vaa sikio moja, lile la upande wa magari liache wazi. Na ukijiandikisha mashindano uliza kabla: kanuni za World Athletics zinahesabu redio, simu na vifaa vya aina hiyo kuwa msaada usioruhusiwa kwa mwanariadha, ingawa mbio za watu wengi kila mwandaaji ana utaratibu wake.

Mkimbiaji_wa_Tabata

Marathoni bado mzee, kwanza nifike Segerea bila kutembea. Basi nachukua Clip Jam, na kadi ya GB 16 niliyo nayo. Ya @Mkaazi_Rongai nimeielewa pia, kitochi kipo nyumbani cha mama, siku za mbio ndefu nitakiazima.

FundiWaSpika

Mwambie ndugu yako aichaji na aipige hukohuko kabla hajapanda ndege. Kifaa kilichokaa stoo miaka betri inaweza kuwa imekufa ndani ya boksi lililofungwa, na ikishatua Dar hakuna wa kumrudishia.

Mkimbiaji_wa_Tabata

Nimemtumia ujumbe wako kama ulivyo.

Dada_wa_Squat

Na hizo miksi za singeli usizikalie peke yako, tuwekee humu.