Makuruta wiki ya nne: ugoko unauma, usingizi wa mang'amung'amu, hasira juu

shanta_mgongoni: Wakufunzi na matabibu wa vikosi, naomba ufafanuzi. Kwa nini kuruta huanza kuumwa ugoko wiki ya 3 au ya 4, pumzi ikiwa tayari imekaa sawa? Na kwa nini wakati huohuo anakuwa mkali na msahaulifu? Tupunguze nini kwanza: mchakamchaka, shanta (begi zito la mgongoni) au kwata (gwaride)?

tabibu_wa_kikosi: Pumzi hukua ndani ya wiki chache, mfupa huchelewa. Ukipata mzigo mpya, mwili hubomoa kwanza sehemu zilizochakaa ndani ya mfupa, kisha hujenga, na kujenga huchukua miezi. Hapo katikati mfupa ni dhaifu, na pumzi nzuri inamruhusu kuutwanga zaidi.

Pima kwa kidole gumba. Maumivu yaliyotandaa zaidi ya sentimita 5 upande wa ndani wa ugoko kwa kawaida hutulia mbio zikipunguzwa. Yakiwa nukta moja, au akishindwa kuruka kwa mguu huo, shuku ufa kwenye mfupa: asikimbie, aende kwa daktari. Eksirei za mwanzo mara nyingi hazionyeshi kitu, kwa hiyo picha safi si ruhusa ya kumrudisha mbioni. Maumivu ya kinena ni hatari zaidi. Huyo hata kutembea asitembee, maana shingo ya mfupa wa paja ikikatika ni upasuaji.

hatua_kwa_hatua: Anza na kwata, ambayo wengi hawaihesabu. Kukanyagisha buti kwenye sakafu ngumu kwa saa mbili ni mzigo uleule wa mbio. Jumlisha hatua zote za siku, na usiongeze umbali na uzito wa shanta kwa pamoja ndani ya wiki moja.

Hasira na usahaulifu chanzo chake kikubwa ni usingizi. Mazoezi yenyewe hutuliza akili na kumpa mtu kujiamini, lakini akilala saa 4 na chakula hakitoshi, homoni za kujenga mwili hushuka na uamuzi huharibika. Kabla hujamwita mkaidi, angalia ratiba ya zamu zake za lindo.

tabibu_wa_kikosi: Nyongeza muhimu. Ukali wa ghafla katikati ya mbio za juani si tabia. Akiropoka au kuyumba, chukulia ni kiharusi cha joto, yaani mwili umepata joto kupita kiasi: uzamishe mwili wake hadi shingoni kwenye maji baridi palepale, gari lifuate baadaye. Na mkojo wa rangi ya chai nyeusi baada ya pushapu za adhabu maana yake misuli imemeguka na figo ziko hatarini. Hospitali siku hiyohiyo, na asipewe dawa za maumivu kama ibuprofeni.