Faida ya karatasi, bonasi ya taslimu: hivi wanahisa wadogo mnatuona mazuzu?

Wakuu, nimekereka.

Nina hisa zangu chache kwenye kampuni moja (siitaji, wenyewe wanajijua) yenye maghorofa ya kupangisha hapa Dar. Hesabu za mwaka zimetoka na ukurasa wa mbele unatamba kwamba faida imepaa. Gawio? Sifuri. Mkutanoni tukaambiwa eti hali ya fedha taslimu hairuhusu.

Nikaenda kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha. Mstari wa juu kabisa faida, na chini yake linaondolewa dude linaloitwa "ongezeko la thamani ya haki ya majengo ya uwekezaji", yaani majengo yamekadiriwa bei kubwa kuliko mwaka jana, ila hakuna hela iliyoingia. Ukishalitoa, kampuni ina hasara. Na ni majengo yaleyale ambayo nusu ya ofisi zimefungwa tangu serikali ianze kuhamia Dodoma.

Najua kuna mhasibu atarukia hapa kusema IAS 40, kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa majengo ya uwekezaji, inaruhusu. Inaruhusu, sikatai. Inaruhusu pia jengo libaki kwenye vitabu kwa gharama ukitoa uchakavu, halafu thamani yake ielezwe tu kwenye maelezo ya hesabu. Hawa wakachagua njia ambayo kila kupanda kwa thamani kunaingia moja kwa moja kwenye faida.

Na hiyo thamani imetoka wapi? IFRS 13, kanuni ya kupima thamani ya haki inayotumika tangu Januari 2013, inataka bei ambayo ungeipata siku hiyo ya hesabu ukiuza kwa utaratibu wa kawaida sokoni. Hisa inayouzwa Soko la Hisa la Dar (DSE) kila siku haina ubishi, bei yake kila mtu anaiona. Hiyo ndiyo ngazi ya kwanza kati ya tatu za kanuni hiyo. Ghorofa la Posta je? Nani anatangaza bei waliyouziana? Ndiyo maana majengo yetu yametupwa ngazi ya tatu, yaani makadirio.

Sasa tazameni mchezo ulivyo rahisi. Chukulia jengo linaingiza kodi ya pango ya shilingi bilioni 1.2 kwa mwaka, gharama zikishatolewa. Mthamini akisema mnunuzi atataka pango la mwaka liwe asilimia 12 ya bei, thamani ni bilioni 10. Mwakani akisema asilimia 10 inatosha, thamani ni bilioni 12. Bilioni mbili hizo zinaandikwa faida, na hajaongezeka mpangaji hata mmoja!

Kiwango hichohicho cha asilimia ndicho IFRS 13 inachodai kiwekwe wazi kwa mali za ngazi ya tatu, pamoja na maelezo ya jinsi thamani inavyoyumba kikibadilika. Kwetu kimeandikwa mstari mmoja: "asilimia 9 hadi 14". Pengo hilo lori linapita. Nikauliza kwanini mwaka huu thamani imeruka, nikajibiwa ni masuala ya kitaalamu na mkaguzi ameridhika. Kwahiyo tukae kimya?

Lakini kinachonichoma hasa kiko ukurasa wa malipo ya wakurugenzi. Bonasi zao zinapigwa kwa faida kabla ya kodi, na ongezeko hilo limo ndani. Wamelipwa. Kwa hela, siyo kwa makadirio. Mimi nikidai gawio naambiwa faida hii bado haijapatikana. Sasa ni faida au siyo faida? Haiwezi kuwa imeiva kwao na mbichi kwangu.

Wenzetu Kenya waliokuwa na hisa za kampuni za chai wanaijua adha hii. Kabla ya 2016 hata mche wa chai ulithaminiwa kila mwaka na tofauti ikaingia kwenye faida, mpaka IAS 41, kanuni ya kilimo, ikarekebishwa na miche ikahamishiwa IAS 16, kanuni ya mali za kudumu, pamoja na mitambo. Majengo hayajaguswa.

Siombi thamani ya haki ifutwe. Nataka bonasi ihesabiwe bila ongezeko hilo, na kiwango cha kila jengo kiandikwe kando ya kile cha mwaka jana. Aliyewahi kupeleka azimio la namna hii kwenye mkutano mkuu aniambie alipitia wapi, maana katibu wa kampuni ananijibu ajenda imeshafungwa.