Kaseti ya Tracy Chapman aliyoacha marehemu baba: wimbo wa nne hauna ala kabisa, imeharibika au ndivyo ulivyo?

BintiNgamiani

Habari za jioni wadau, na wakubwa zangu shikamooni.

Baba yetu alifariki mwaka jana. Katika vitu vyake nimekuta kaseti niliyokua nikiisikia tulipokuwa tumepanga Ngamiani, Tanga. Ni C60 ya kurekodiwa (dakika 60, thelathini kila upande), na kwenye karatasi yake ameandika kwa biki ya bluu neno moja tu: TRACY, yaani Tracy Chapman, yule mwimbaji wa Marekani. Baba alikuwa karani bandarini na Kiingereza kilikuwa kinampanda. Jumapili baada ya chai alikuwa akituwekea kaseti hiyo na kututafsiria wimbo mmoja mmoja. Ule wa gari, "Fast Car", alitusimulia kama hadithi: binti anaacha shule ili amtunze baba yake mlevi, anapata kazi ya dukani, anaota kuondoka na mpenzi wake wakaanze upya, na mwisho huyo mpenzi naye anakuwa mtu wa baa. Mdogo wangu alilia.

Juzi nimeazima redio kaseti kwa jirani, nikasafisha hedi (kile kichwa kinachosoma kanda) kwa pamba na spiriti, nikaiweka. Nyimbo tatu za mwanzo safi. Wa nne unaanza, nasikia sauti ya Tracy peke yake. Hakuna gitaa, hakuna besi, hakuna ngoma. Haufiki hata dakika mbili, unakwisha, halafu wa tano unaingia na ala zake zote kama kawaida. Nikikumbuka utotoni, ukifika wimbo huo sauti ilikuwa inashuka mpaka husikii kitu, na ndio peke yake ambao baba hakuwahi kututafsiria. Kwa hiyo miaka yote nilijua kwamba pale kanda ina ubovu.

Swali la kwanza: inawezekana ala zikafutika kwenye kanda zikaacha sauti ya mwimbaji tu?

La pili: upande B, wimbo wa mwisho umeliwa na redio. Utepe umejikunjakunja, unasikia gitaa kidogo, mikwaruzo, kisha Black Star hao wanaingia, maana baba nafasi iliyobaki aliijaza taarabu. Wimbo ulioliwa ni upi, na unaweza kuokolewa?

Najua mtandaoni ipo. Sijataka kuisikiliza huko bado. Nataka kwanza kujua hii aliyoishika yeye ina nini.

---

FundiHedi

Pole sana kwa msiba dada.

Jibu la swali la kwanza ni hapana. Kanda haijui lipi ni gitaa na lipi ni sauti. Kila upande wa kaseti ya stirio una mistari miwili ya sumaku, wa kushoto na wa kulia, na muziki wote umeshachanganywa ndani ya hiyo miwili. Mstari mmoja ukifa unaweza kupoteza ala iliyowekwa upande huo, lakini mwimbaji na besi kwa kawaida huwekwa katikati, wanatoka pande zote mbili. Ukipotea mmoja, besi itabaki pamoja na mwimbaji. Kifutio nacho kikipita kinafuta vyote. Ubovu wa kuondoa ala zote na kuacha sauti safi, wimbo mmoja tu, sijawahi kuuona tangu nianze kufungua redio.

Wimbo wa nne ndivyo ulivyorekodiwa.

Kuhusu utepe ulioliwa: usivute. Angalia kaseti kwenye pembe, kama ina skrubu tano ndogo ifungue kwa bisibisi ya saa, juu ya kitambaa cheupe, upate kuona kila kitu kilivyokaa kabla hujagusa. Kama utepe haujakatika, USIUKATE. Unyooshe taratibu kati ya vidole viwili vikavu, upande unaogusa hedi uwe nje, kisha uzungushe kwa kalamu mpaka upite sehemu mbaya. Kama umekatika, tafuta utepe maalumu wa gundi wa kuungia kanda. Selotepu ya kawaida utomvu wake hutoka baada ya muda, ukaganda kwenye hedi na kuziunganisha zile duru za utepe. Kanda nyingi zimekufa kwa selotepu, si kwa redio.

Ukishapita, cheza mara moja tu huku ukiinakili. Mikunjo haitaisha, sauti itazama na kuibuka, lakini wimbo utausikia.

---

MzeeWaSanturi

Binti, marahaba. Mungu ampumzishe mzee wako.

Hiyo ni albamu yake ya kwanza, inaitwa kwa jina lake mwenyewe, ilitoka Aprili 1988. Santuri yake ninayo. Upande wa kwanza nyimbo 5, wa pili 6, jumla kama dakika 36. Ndiyo maana kwenye C60 ya baba yako ilibaki nafasi ya Black Star.

Wimbo wa nne unaitwa "Behind the Wall". Anaimba bila ala yoyote. Ni mtu amelala chumbani kwake, anasikia upande wa pili wa ukuta mwanamke anapigwa. Anajua polisi kuwaita ni bure, wakija wanachelewa, na wakifika wanasema mambo ya mume na mke hayawahusu. Siku moja makelele yanakoma, na kimya chake kinatisha kuliko makelele. Gari la wagonjwa linakuja, askari anawaambia watu watawanyike wakalale.

Mimi naamini pale gitaa lingeharibu. Ukisikia gitaa unajua kuna mtu yuko na mwimbaji. Hapo hakuna mtu. Huo wimbo unaonyesha albamu nzima ilivyojengwa. Mtayarishaji wake, David Kershenbaum, alikusanya wapigaji wa nguvu pale Hollywood, Denny Fongheiser kwenye ngoma na Larry Klein kwenye besi, lakini aliwaweka nyuma ya yule dada na gitaa lake. Sikiliza wimbo wa gari: ngoma zinangoja mpaka anapoanza kukumbuka mwendo wa lile gari, ndipo zinapofunguka, kisha zinarudi chini. Mwaka ule redio zilijaa vinanda vya umeme na ngoma za mashine. Huyu alitoka Cleveland, amelelewa na mama yake bila baba nyumbani, alikuwa akiimba vijiweni na kwenye mikahawa karibu na Boston akiwa mwanafunzi, na akaingia studio na nyimbo hizohizo.

Wimbo wa mwisho ulioliwa ni "For You". Gitaa na sauti tu, dakika 3 hivi. Anamwambia mtu anayempenda kwamba maneno yamemwishia.

---

DadaKisauni

Shikamoo mzee. Umesahau Wembley! Juni 11, 1988, tamasha la kutimiza miaka 70 ya Mandela, naye bado yuko gerezani. Tracy alikuwa ameshaimba zamu yake fupi. Stevie Wonder alipotaka kupanda, ikaonekana kifaa kilichohifadhi muziki wa kinanda chake hakipo, akaondoka. Wakamrudisha Tracy peke yake, na gitaa lake, mbele ya uwanja uliojaa na televisheni za nchi zaidi ya 60. Baada ya hapo albamu ikapanda hadi nambari 1 Uingereza na Marekani pia. Oktoba mwaka huohuo aliimba Harare, kwenye ile ziara ya haki za binadamu pamoja na Springsteen na Youssou N'Dour.

Sisi wengine wimbo wa tano, "Baby Can I Hold You", tuliujua kwanza kwa kundi la Boyzone waliourudia, na vijana wa leo wimbo wa gari wameujua kwa mwimbaji Luke Combs aliyeurudia mwaka 2023. Sawa tu, wote wanaishia kumrudia mwenyewe.

Binti, mama yupo? Muulize kuhusu kile kilichokuwa kinashusha sauti. Fundi amesema kanda ni nzima. Basi aliyekuwa anashusha ni mtu.

---

BintiNgamiani

Nawashukuru sana nyote. Da Kisauni, nimemuuliza mama leo.

Nyumba ile ilikuwa ya vyumba sita, wapangaji wote. Dari hakuna, na kuta za kati hazikufika juu, ukikohoa wanakupa pole vyumba vyote. Chumba kilichopakana na chetu alikaa nesi na mumewe. Mimi namkumbuka kwa sare nyeupe na pipi alizokuwa akitupa. Mama anasema mumewe alikuwa anampiga.

"Baba yako ndiye alikuwa anapunguza ukifika huo," mama kaniambia. "Yule nesi Kiingereza alikijua kuliko sisi wote mle ndani. Angesikia kila neno, angeona tunamsema."

Nikamuuliza, sasa mbona hakuuruka tu? Mama akasema alikuwa anapenda kuusikiliza. Alisogeza redio mpaka sikioni, akasikiliza, ukiisha akaongeza.

Halafu akanieleza kitu ambacho sikukijua. Usiku kelele zikianza, baba alikuwa anaamka, anavaa msuli wake, anakwenda kugonga mlango wa yule bwana kuomba kiberiti. Bwana anafungua, baba anaanza maneno, habari za bandarini, meli gani imeingia, mpaka hasira za mwenzake zinapoa. Anarudi na kiberiti mkononi. Mama anasema kuna wakati viberiti mle ndani vilifika saba.

Nesi alihama mwenyewe mwaka 1994, alipata uhamisho. Hilo mama ana uhakika nalo, walimsaidia kufunga mizigo.

Fundi, kaseti ina skrubu tano kama ulivyosema. Utepe haujakatika. Bisibisi nimepata kwa fundi saa wa hapa mtaani, Jumamosi naifungua, mama amesema atakaa karibu ashike taa. Nitainakili mara moja, pande zote mbili, na Black Star wakiwamo.