Mjadala: Kaunti izuie supamaketi kubwa kufunguliwa karibu na maduka ya mtaa?

Mwanzisha mada (Kasarani)

Wadau, hili tulichambue bila matusi. Mtaani kwetu supamaketi moja kubwa imehama kutoka jengo la kando ya barabara kuu na kuingia ndani kabisa, katikati ya ploti za kupanga. Wiki ya ufunguzi ilikuwa ofa juu ya ofa: unga, sukari, mafuta, sabuni. Sasa wenye maduka wanazungusha karatasi wakusanye sahihi, wanataka kaunti iweke umbali maalumu kati ya supamaketi na maduka ya rejareja. Mimi nimekataa kutia sahihi, na nitaeleza kabla sijaitwa msaliti.

Mwenye duka haangushwi na uvivu, anaangushwa na bei ya kununulia. Ofa ikitoka, unga kwenye rafu unauzwa chini ya bei anayopewa yeye na muuzaji wa jumla. Ndiyo maana utamkuta huyohuyo mwenye duka foleni ya supamaketi, watoto wake wamesimama nyuma yake, kwa sababu kibandiko kinasema pakiti mbili kwa kila mteja. Umbali wa mita 500 utamfaa nini? Mwenye pesa za mwezi atapanda boda aifuate ofa. Asiye nazo, yule wa kibarua anayelipwa jioni, ataendelea kununua mafuta ya kupima, sukari robo na yai moja, akiandikwa kwenye daftari siku ikiwa mbaya. Hayo supamaketi haiyawezi.

Kinachonikera mimi ni swali ambalo karatasi ile hailiulizi: pesa ya nani inajaza zile rafu? Supamaketi inapokea mzigo leo, inauza kwa taslimu ndani ya siku chache, halafu inamlipa aliyeuleta baada ya siku 30, 60, wakati mwingine 90 na zaidi. Duka la mtaa linalipa gari la usambazaji likiwa bado mlangoni. Kwa hiyo sehemu ya ule unafuu tunaoushangilia imekopwa kwa wasambazaji, na wengi wao ni viwanda vidogo vyetu.

Mwisho wake tumeuona. Supamaketi ya Nakumatt ilikuwa na matawi zaidi ya 60 katika nchi nne, ikaanguka na mabilioni ya shilingi ya waliokuwa wakiidai. Supamaketi ya Uchumi vilevile, kisha Tuskys. Jengo halikai tupu: Nakumatt ilipotoka kwenye jengo la maduka la TRM mwaka 2017, Carrefour ikaingia. Mnunuzi anaona jina jipya juu ya mlango, anaendelea na safari zake. Aliyekuwa anadai ndiye aliyebaki na karatasi mkononi.

Tena hata duka lisiloanguka linaweza kumkaba msambazaji. Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani iliitoza kampuni inayoendesha Carrefour hapa Kenya faini ya shilingi bilioni 1.1 kwa kutumia vibaya nguvu zake za ununuzi dhidi ya wasambazaji wawili, mmoja wa mafuta ya kupikia na mwingine wa asali. Kwa hiyo nguvu za kuwaadhibu wenye supamaketi tayari zipo kwenye sheria. Basi tudai siku za malipo zifungwe kisheria, kwa mfano 30, na anayechelewa alipe riba. Rafu zikijazwa kwa pesa ya mwenye rafu, tutaona ni ofa ngapi zitabaki. Karatasi ya namna hiyo nileteeni hata usiku.

Mwenye duka (Githurai)

Ndugu, huna duka wewe. Unasema wa daftari hanihami, sawa, lakini unadhani daftari linabebwa na nani? Yule mwalimu aliyekuwa akichukua mchele kilo tano, sabuni na mafuta lita tatu mwisho wa mwezi, faida yake ndiyo iliyoniwezesha kumsubiri wa kibarua. Huyo mwalimu wameshamchukua. Nimebaki na wanaokopa.

Halafu husemi wanavyotufuata hadi kwenye vitu vya shilingi kumi. Sasa hivi mle ndani kuna chapati, mandazi, chipsi, sukuma iliyokatwa tayari. Mama mboga aliye nje ya lango naye mwambie asubiri siku 30 za malipo. Na mwenye jengo, tangu waingie, ametupandishia kodi sote wa upande ule, anasema eneo limechangamka.

Mnunuzi (Umoja)

Nitaandika machache kwa sababu najua nitashambuliwa. Dukani bei inategemea sura yako. Supamaketi bei imebandikwa, risiti napewa, na nikirudisha maziwa yaliyoharibika nabadilishiwa bila kuulizwa nilikuwa wapi jana. Mnataka kaunti inilazimishe kupanda boda ili mfanyabiashara apate amani?

Mchangiaji (Kahawa)

Mnasahau China Square. Januari 2023 walifungua pale Unicity, kwenye ardhi ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, wakiuza vyombo na vifaa vya nyumbani kwa bei iliyowatisha watu wa Nyamakima na Kamukunji. Wafanyabiashara wakalalamika. Moses Kuria, akiwa Waziri wa Biashara, akataka hata kuununua ule mkataba wa pango ili wafungashe virago. Duka likafungwa, na mwezi uliofuata likafunguliwa tena. Watu wakarudi kupanga foleni, wakiwemo, naapa, baadhi ya waliokuwa wakipiga kelele. Kuzuia mahali ni siasa za wiki mbili.

Mchangiaji (Dar es Salaam)

Jirani zangu, huku kwetu Mangi, yaani mwenye duka la mtaa, bado yupo kila kona na hatikisiki. Shoprite ilikuja, mwaka 2014 ikawauzia maduka yake Nakumatt ikaondoka. Uchumi ilifunga Tanzania na Uganda Oktoba 2015. Mangi yuleyule anakuuzia vocha, kiberiti na dagaa wa kupima, na saa nne usiku unamgongea. Nguvu yake ni Kariakoo: ananunua kwa jumla bei inayoeleweka, na wakati mwingine wanachangishana wanaleta mzigo pamoja. Ona pia agizo la serikali yetu la Julai 2025: wasio raia walikatazwa aina 15 za biashara, rejareja ikiwemo, lakini supamaketi zikaachwa nje ya katazo. Mwenye duka wa Githurai, mnanunuaga pamoja ninyi, au kila mtu na gari lake?

Mwenye duka (Githurai)

Kila mtu na gari lake. Tulijaribu, aliyeshika pesa akahamia Nakuru.

Msambazaji mdogo (Thika)

Mimi natengeneza achari na pilipili ya chupa, kwa hiyo hizo siku 90 nazijua vizuri. Mwanzisha mada, sheria ya siku 30 nitaishangilia, ila jiandae na kitakachofuata. Afisa ununuzi wa supamaketi hatakuambia anakataa kukulipa mapema. Atakuambia rafu imejaa, au anza kumlipa kijana wa kupanga bidhaa zako, au kubali punguzo la ofa litoke mfukoni mwako. Wakubwa wenye mafuta na unga watalipwa siku ya 30 kwa sababu rafu haiwezi kukaa bila wao. Mimi na chupa zangu 200 nitatolewa kimyakimya, na hakuna mamlaka itakayoandika barua juu ya pilipili. Kwa hiyo kwenye karatasi yako ongeza kipengele: msambazaji asitolewe rafuni bila taarifa ya maandishi yenye sababu. Bila hicho, mimi pia sitii sahihi.