Wadau, hizi stika za "oganiki" supamaketi mnaziamini?

Chungu_cha_Tatu: Salaam wadau. Supamaketi fulani hapa Dar nimekuta mchicha umefungwa kwenye nailoni na kubandikwa stika ya "oganiki", bei mara tatu ya ule wa genge la mtaani kwangu. Namuuliza kijana umelimwa wapi, ananijibu "unaletwa na gari." Hakuna jina la shamba wala nembo. Mnaziamini hizi stika? Au ndiyo yale yale ya kuku wa Singida, ukimkagua chotara?

Mnyaturu_wa_Ikungi: Kuku wa Singida wamekukosea nini mkuu? Umeanza na mchicha wako vizuri tu.

Dada_Samadi: Stika yoyote inachapishwa Kariakoo ukisubiri. Nembo ya Kilimohai, ile ya mazao ya kilimo hai, yaani oganiki, ni habari nyingine. Ipo tangu 2007 na viwango vyake ni vya Afrika Mashariki nzima. Ama anakuja mkaguzi wa kampuni ya ithibati, ama, kwa wakulima wadogo wanaouza humu humu ndani, kikundi kinakaguana shamba kwa shamba kwa utaratibu ulioandikwa. Mbolea ya chumvichumvi marufuku, sumu za viwandani marufuku. Samadi, mboji na mwarobaini ruksa. Mchicha wako hauna nembo? Basi kesi yako ni na muuzaji, kilimo hai usikiingize.

Mzee_wa_Ilala: "Kikundi kinakaguana." Yaani fisi kapewa bucha, na mkaguzi ni fisi mwenzake.

Dada_Samadi: Shikamoo mzee wangu, ila hapo umeonea watu. Mmoja akipuliza sumu, soko linaharibika kwa kikundi kizima. Mkaguzi wa mara moja kwa mwaka ataona nini? Jirani anasikia hadi mlio wa bomba.

Mzee_wa_Ilala: Marahaba. Nimefanya biashara ya nyanya za Ilula, binti. Jirani ndiye anayekuazima hilo bomba.

Msafiri_Kejeli: 😂😂 Mzee kafunga mjadala. Halafu hata Wamarekani wenye wakaguzi wa kila aina walipigwa. Yule jamaa wa Missouri aliuza mahindi na soya za kawaida kama oganiki miaka kibao, mauzo dola milioni mia na ushee. 2019 kama sikosei, akala mvua kumi.

Dada_Samadi: Alikamatwa, si ndiyo? Wa genge lako atakamatwa na nani?

Msafiri_Kejeli: Wa genge langu hajawahi kunidanganya kuwa ni oganiki.

Kijana_wa_Ruiru: Huku Kenya kuna sukuma inamwagiliwa na maji taka ya sewa na watu wanakula tu. Hiyo stika yenu inapima maji ama inaangalia dawa peke yake?

Mnyaturu_wa_Ikungi: Nimerudi. Chungu hajanijibu. Kuku wa kwetu anachakura mchwa na usiku analala juu ya mti. Ninyi wa Dar mnafuga kuroila, hao chotara, bandani Chanika, mnampandisha kwenye tenga, anashuka Manzese akiwa Msingida. Wizi wenu, jina letu.

Chungu_cha_Tatu: Si ndicho nilichosema?

Mnyaturu_wa_Ikungi: Hukusema hivyo. Ulisema "kuku wa Singida." Panda juu usome.

Mama_Mapacha: Na mayai je? Nasikia wanayachovya kwenye majani ya chai yaonekane ya kienyeji. Mimi huwa navunja naangalia kiini, kikiwa njano nakuwa na amani.

Mfugaji_Mstaafu: Mama, kiini ni chakula tu. Mpe kuku wa kisasa mahindi ya njano na majani, kiini kitang'aa hadi umkaribishe jirani. Hiyo amani yako mwenye banda anaijua.

Mama_Mapacha: Jamani. Na bei ile ninayolipa?

Mzee_wa_Ilala: Sasa kuku wa kienyeji mwenyewe tumjueje?

Mnyaturu_wa_Ikungi: Mchemshe. Saa nzima ikipita na paja bado linagoma, huyo ni wetu.

Msafiri_Kejeli: Au ni kuku wa mayai aliyechoka kutaga. Naye anagoma hivyo hivyo.

Mnyaturu_wa_Ikungi: Wewe kwanza kwenu wapi?